Thurgood Marshall: Wakili aliyeupinga ufadhili wa kibaguzi

MSAADA wa karo kwa mwanafunzi wa sheria kwa kawaida huwa ni mlango wa heri. Katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka wa 1935, ulikuwa mbinu ya kumfukuza mtu mweusi kwa adabu. Miongoni mwa walioifichua hila hiyo mahakamani ni Thurgood Marshall, ambaye miaka 25 baadaye angewashauri viongozi wa Kenya walipokuwa wakidai uhuru.

Marshall alizaliwa Julai 2, 1908, mjini Baltimore. Mamake alikuwa mwalimu. Baada ya kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Lincoln mnamo 1930, alitamani uwakili. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa na shule ya sheria papo hapo mjini kwao, ila wakati huo hakikuwapokea weusi. Ikambidi ajiunge na Chuo Kikuu cha Howard, Washington, huku akisafiri kwa gari moshi kila siku. Mamake aliweka rehani pete zake za uchumba na za ndoa ili karo ipatikane. Mwanawe alihitimu mwaka wa 1933 akiongoza darasa lake.

Miaka miwili baadaye, Marshall na mwalimu wake, Charles Hamilton Houston, walimtetea Donald Gaines Murray, kijana mweusi aliyekataliwa na shule ile ile ya sheria. Jimbo lilijitetea kwamba lilikuwa limetenga dola 10,000 za kuwafadhili weusi wakasome kwingineko, kila mmoja dola 200.

Utetezi huo haukusimama. Fedha hizo zilikuwa za karo tu. Nauli na malazi ya ugenini vilimwangukia mwanafunzi. Nafasi zilikuwa chache, na Murray hakuwa na hakika ya kuipata hata moja. Isitoshe, aliyenuia kuwa wakili Maryland angekosa mafunzo yaliyotilia mkazo sheria za Maryland.

Juni 1935, jaji aliamuru Murray apokewe. Mahakama ya rufaa ya jimbo iliunga mkono uamuzi huo Januari 1936, naye Murray akahitimu mwaka wa 1938. Mwaka huo huo, katika kesi ya Lloyd Gaines wa Missouri iliyoendeshwa na Houston, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jimbo haliwezi kukwepa wajibu wake kwa kumlipia raia karo ya jimbo jingine. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Marshall kwenye ushindi wa 1954, ubaguzi wa rangi katika shule za umma ulipoharamishwa.

Mapema mwaka wa 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, Marshall alihudhuria mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Rasimu ya haki za binadamu aliyoiandikia Kenya iliwalinda hata Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache, pamoja na mali yao. Kwake, haki haikuwa na rangi.

Mnamo 1967 alikuwa mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akahudumu hadi 1991. Alifariki Januari 24, 1993, akiwa na umri wa miaka 84. Maktaba ya shule ya sheria ya Maryland, ambayo hangepokewa humo alipokuwa kijana, sasa yaitwa kwa jina lake.