Bibi Salme na Kumbukumbu za Mtoni

Kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kando ya bahari, katika njia iendayo Bububu, pana magofu ya jumba liitwalo Bet il Mtoni. Humo alizaliwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, tarehe 30 Agosti 1844. Wasomaji wetu wengi wamekwisha kulisikia jina lake: ndiye yule binti mfalme aliyetoroka kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani. Kisa hicho kimesimuliwa mno, na mara nyingi kwa namna ya kusengenya. Sisi twapenda kumtazama kwa upande mwingine. Bibi huyu aliandika habari za maisha yake akiwa katika nchi ya baridi, mbali na kila mtu ambaye angeweza kumsahihisha, na kitabu chake kilitolewa Berlin mwaka 1886. Atakaye kujua jinsi akili ya binadamu itunzavyo mambo, na jinsi iyapotezavyo, na akisome kitabu hicho polepole.

Tuanze na mama yake. Jilfidan alikuwa suria wa Seyyid Said, mtu wa kabila la Wacherkesi, wenyeji wa nchi ya milima ya Kaukasi. Vita vilipozuka kwao, wazazi wake waliuawa, naye akachukuliwa pamoja na ndugu zake, kisha wakatenganishwa. Alipofikishwa kwa Seyyid Said, hakuna aliyejua umri wake. Bibi Salme alikisia kwamba mama yake alikuwa na miaka saba au minane, kwa sababu jino lake la kwanza la utoto lilimtoka nyumbani mwa Seyyid. Hebu tufikiri: mtoto amepoteza baba, mama, nchi na lugha, na alama iliyobaki ya kupimia maisha yake ni jino. Wataalamu wa elimu ya nafsi watuambia kwamba watu wazima karibu wote hawakumbuki lolote la kabla ya mwaka wao wa tatu hivi, na kwamba miaka michache inayofuata hukumbukwa vipande vipande. Mtoto wa nyumba yenye amani hujaziwa mapengo hayo na wazazi, bibi na shangazi. Jilfidan hakuwa na wa kumjazia.

Salme mwenyewe aliondoka Mtoni akiwa na miaka saba tu, akaenda na mama yake kukaa mjini, katika nyumba ya kaka yake Majid. Hata hivyo sura za kitabu chake zilizo hai kabisa ni zile za Mtoni. Amemwona baba yake akitembea huku na huku katika roshani kubwa iliyoelekea bahari, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la zamani la vita. Ameuona ua uliojaa paa, mbuni, korongo na mabata. Palikuwa na tausi mmoja mkali, adui wa watoto, nao siku moja walimvamia wote pamoja wakamnyonyoa manyoya ya mkia. Amekadiria kwamba jumbani waliishi watu kama elfu moja. Hesabu hiyo twaipokea kwa uangalifu, maana macho ya mtoto hukuza kila kitu. Lakini habari ya tausi twaisadiki bila shida.

Kwa nini mambo hayo yalidumu? Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alikuwa amejifunza kwa moyo orodha nyingi za silabi zisizo na maana, kisha akajipima mwenyewe amebakiza nini. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea; baada ya siku moja, kama theluthi mbili. Lakini baada ya mwezi mzima ilibaki bado kama sehemu moja ya tano. Yaani kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Basi, kilichovuka mawimbi hayo ya kwanza chaweza kuishi miaka mingi, hasa kama kina maana, kama kilituogofya au kutufurahisha, na kama twakirudia mara kwa mara. Bibi Salme alikuwa na sababu ya kurudia. Mume wake, Heinrich Ruete, aligongwa na gari la abiria la kuvutwa na farasi mjini Hamburg akafa mwaka 1870. Mjane alibaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza. Miaka kadhaa baadaye, akiwa mgonjwa wa mwili na wa roho, akidhani hataishi mpaka watoto wawe wakubwa, alianza kuwaandikia ili wapate kujua mama yao ametoka wapi.

Na uandishi huo aliupata kwa werevu wake mwenyewe. Mabinti wa Seyyid walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, akanakili juu yake herufi za Msahafu kwa siri, hata akajua. Elimu hiyo ndiyo iliyomponza. Mama yake alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, na mwaka huo huo ndugu zake wakafarakana, Barghash akitaka kumwondoa Majid katika kiti. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa katibu wa waasi, kwa kuwa alijua kalamu. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akahamishwa Bombay, na Salme akabaki kati ya pande mbili: amemwasi Majid aliyemlea, na alipopatana naye tena akawachukiza waliokuwa wenzake. Mambo ya miezi ile ameyaeleza kwa urefu na kwa majuto mengi.

Lakini mwaka 1866 ameupitia kwa haraka. Twajua kutoka mahali pengine kwamba alikuwa na mimba alipotoroka mwezi wa Agosti katika manowari ya Kiingereza *Highflyer*. Kwamba mtoto wa kiume alizaliwa Aden mwezi wa Desemba. Kwamba mama alibatizwa huko na kufunga ndoa siku moja, tarehe 30 Mei 1867. Na kwamba mtoto yule alikufa safarini kwenda Ujerumani. Juu ya mimba ile kitabu hakisemi neno. Je, alikuwa amesahau? Hakuna mama asahauye jambo kama hilo. Kunyamaza si kusahau, ingawa kwa msomaji vyote viwili huacha ukurasa mtupu.

Lipo pengo jingine, nalo twaliona kuwa kubwa zaidi. Katika watu wale elfu wa Mtoni, walio wengi walikuwa watumwa. Bibi Salme ameandika sura nzima kuwatetea wenye watumwa wa nchi za Mashariki, akidai kwamba hali ya watumwa huko ilikuwa njema kuliko ile ya Marekani. Hatudhani kwamba alisema uongo kwa makusudi. Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu alichotoa mwaka 1932, alionyesha kwamba mtu akikumbuka hafungui sanduku. Hujenga habari upya, kwa vipande alivyo navyo, akifuata desturi za watu wake na haja ya moyo wake wakati ule. Haja ya Bibi Salme ilikuwa nyumba yenye joto, wala si hukumu juu ya nyumba hiyo. Mtoto alikumbuka mikono iliyombeba, na hakuuliza mikono ile ilitoka kijiji gani. Hao waliobeba nao walikuwa na kumbukumbu zao, lakini hawakupewa hata mfupa wa ngamia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897. Wengi walikwisha kufa wakati huo, na mambo yao wamekwenda nayo. Twashangaa zaidi tunapokumbuka kwamba mwandishi huyu alikuwa binti wa Jilfidan.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani. Bismarck alikuwa na shabaha zake, na Barghash, aliyekuwa Sultani tangu mwaka 1870, hakukubali kumpokea. Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga, na bila shaka wapo waliomnenea hivyo barazani. Alikwenda Mtoni, akakuta jumba limebomoka na majani yameota palipokuwa na ngazi. Tangu hapo Mtoni iliyo nzima ilikuwa ile iliyomo kichwani mwake tu. Bet il Sahel, nyumba nyingine ya utoto wake, iliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Katika kasri lililojengwa upya mahali pale palifunguliwa makumbusho mwaka 1994, na chumba kimoja kilitengwa kwa ajili yake.

Alirudi mara nyingine mwaka 1888, asipate alichokitaka, kisha akaishi miaka mingi Beirut. Alikufa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Aliacha maandiko mengine, yaliyoandikwa kama barua za kupeleka nyumbani, ambamo ameeleza upweke wake wa Ujerumani ambao kitabu cha kwanza kiliugusa kidogo tu. Barua hizo hazikuchapishwa siku za uhai wake. Zilitolewa katika kitabu kwa Kiingereza mwaka 1993. Katika kaburi lake mjini Hamburg, pembeni mwa mume wake, kuliwekwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameutunza.