Starling na Risala za Utumbo
Nilipokuwa Kehancha, katika nchi ya Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania, nilimuuguza mpwa wangu aliyeshikwa na homa kali ya matumbo. Kila nikimpa uji, aligeukia ukutani. Nikamkaripia, nikidhani ni madeko. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Ernest Starling, nikatahayari.

Bwana huyu alizaliwa London mwaka 1866. Baba yake alifanya kazi ya sheria huko Bombay, bandari waliyoijua vyema mabaharia wetu. Zama hizo mabingwa, akiwemo Pavlov wa Urusi, waliamini kuwa kongosho huamrishwa na mishipa ya fahamu tu.

Januari 1902, Starling na shemeji yake William Bayliss walimlaza mbwa kwa dawa, wakakata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo mwembamba, kisha wakakitia tindikali. Kongosho likatoa maji yake vile vile! Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga kwa mchanga na tindikali, wakachuja, wakaitia dawa hiyo damuni. Kongosho likatoa tena. Kumbe utumbo hupeleka risala kwa njia ya damu! Risala hiyo wakaiita sekretini. Mwaka 1905 Starling akazipa risala za namna hiyo jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Jaribio liliporudiwa katika maabara ya Pavlov, naye alikubali.

Ajabu ya dunia, mwaka 1920 Starling alipasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana. Alifariki mwaka 1927 ndani ya meli, karibu na Kingston, Jamaica.

Elimu aliyoianzisha haikufa. Leo yajulikana kuwa homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo hupanda mtu anapokula, hupanda pia kwa wagonjwa mahututi wenye uambukizo mkali. Sumu za vijidudu na risala za uvimbe huichochea. Homoni hiyo huliamsha kongosho, hupunguza hamu ya chakula na huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo.

Mpwa wangu alipona, alhamdulillahi, na leo ni baba wa watoto. Nilimwomba radhi. Siku hizi akiugua mtu nyumbani, nampeleka kwa daktari mapema. Na uji nampa kwa upole, kijiko kimoja kimoja.