Schoop, mtu aliyenyunyiza metali kama rangi

Wengi wetu tulirejea Juba kwa ndege, na ninyi wafanyabiashara wa Nimule mnajua kuwa bati lisilo na zinki huliwa na kutu upesi. Mambo hayo mawili yananikumbusha Max Ulrich Schoop, mhandisi wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1870. Nilisoma habari zake nikiwa mwanafunzi uhamishoni, na leo ninazifundisha darasani.

Inasimuliwa kwamba aliona watoto wakilenga shabaha kwa bunduki ndogo. Risasi ziligonga ukuta, zikabonyea na kung'ang'ania papo hapo. Akawaza kuwa metali iliyoyeyuka, ikirushwa kwa kasi, itashika vivyo hivyo. Kufikia mwaka 1912 alikuwa na bunduki iliyoyeyusha waya kwa moto wa gesi na kuunyunyiza kwa hewa yenye shinikizo. Alifariki mwaka 1956.

Ufundi huo sasa hukinga sehemu za injini za ndege dhidi ya joto, msuguano na kutu. Siri yake ni vipimo. Kwanza kipande hukwaruzwa ili tabaka lishike. Bunduki ikiwa mbali mno, matone hupoa njiani, na tabaka huwa na vitundu na kubanduka. Ikiwa karibu mno, kipande hupata joto kupita kiasi na tabaka hupasuka. Moto ukipungua, chembe haziyeyuki vizuri.

Msimu wa mvua, barabara zetu nyingi hazipitiki na ndege ndiyo tegemeo. Vijana wanaotamani ufundi wasidharau rula: sentimita chache hulinda roho za watu.