Karl Schmidt, bingwa wa nyoka aliyeandika saa zake za mwisho

Alasiri ya Jumatano, Septemba 25, 1957, nyoka mdogo wa kijani kutoka Afrika alimuuma kidole gumba mtaalamu mashuhuri wa wanyama watambaao mjini Chicago, Marekani. Mtaalamu huyo, Karl Patterson Schmidt, alikuwa na umri wa miaka 67. Siku iliyofuata, muda wa saa tisa alasiri, alitangazwa kuwa amefariki dunia. Katikati ya saa hizo aliandika kwa mkono wake mwenyewe kila alichohisi mwilini.

Schmidt alizaliwa mwaka 1890 Lake Forest, kaskazini mwa Chicago. Alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1916, na mwaka huo huo akaajiriwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Huko ndiko alikokutana na Afrika, ingawa ndani ya chupa za spiriti. Herbert Lang na James Chapin walikuwa wamekaa Kongo tangu 1909 hadi 1915 wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba hilo, nao walirudi na shehena kubwa ya nyoka, mijusi, kobe na mamba. Kazi ya kuwapambanua ilimwangukia kijana Schmidt. Alichapisha kitabu cha kwanza juu ya viumbe hao mwaka 1919, na cha pili, kinachohusu nyoka, mwaka 1923. Hadi leo, anayetaka kujua nyoka wa mashariki na kaskazini mwa Kongo hana budi kuanzia hapo.

Mwaka 1922 alihamia Field Museum ya Chicago, akadumu huko maisha yake yote. Alisafiri Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Pasifiki, akawapa majina ya kisayansi viumbe zaidi ya 200, na kuanzia 1941 hadi 1955 alikuwa mkuu wa idara nzima ya wanyama. Hata baada ya kustaafu hakuliacha jumba hilo. Meza yake ilibaki pale pale. Mwaka 1956 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani.

Nyoka aliyemuua aliletwa na bustani ya wanyama ya Lincoln Park, ambayo mkurugenzi wake, Marlin Perkins, alitaka kujua ni wa aina gani. Alikuwa na urefu wa sentimita 76 hivi. Kichwa chake na rangi zake zilimwonyesha kuwa ni boomslang, jina la Kiafrikana lenye maana ya nyoka wa mti, lakini gamba moja karibu na mkia halikugawanyika kama inavyotakiwa kwa aina hiyo. Wenzake walikuwa wakijadiliana naye juu ya kasoro hiyo. Schmidt akamshika nyoka mbali kidogo na kichwa, naye akageuka na kumuuma. Jino moja tu la nyuma ndilo lililozama sawasawa, kiasi cha milimita tatu.

Schmidt alilinyonya jeraha, kama ilivyokuwa desturi wakati huo, akaanza kuandika. Hakuwa mtu wa kuogopa bila sababu, na sababu za kutoogopa alikuwa nazo: nyoka alikuwa mchanga, na jino lilikuwa moja. Zaidi ya hayo, nyoka wenye meno ya sumu nyuma ya taya walikuwa wakidharauliwa na wengi, ijapokuwa Afrika Kusini ilikuwa inajulikana tayari kwamba boomslang anaweza kuua.

Jioni alipanda treni kurudi nyumbani kwake Homewood, na njiani akashikwa na kichefuchefu. Baadaye akatetemeka kwa baridi, homa ikapanda hadi kufikia nyuzi 38.7, na fizi zikaanza kuvuja damu. Alikula vipande viwili vya mkate wa kuchoma na maziwa, akalala. Baada ya saa sita usiku alikwenda haja ndogo; sehemu kubwa ilikuwa damu. Alfajiri alikunywa maji, akatapika sana, kisha akajisikia nafuu na kulala tena.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Alikula nafaka, yai juu ya mkate, tufaha zilizopondwa na kahawa, akaandika kwamba damu bado inatoka puani na mdomoni, ila si nyingi. Aliona kwamba hatari imepita. Baada ya chakula cha mchana akatapika, akashindwa kupumua vizuri, na akapoteza fahamu. Alipofikishwa hospitali hakukuwa na la kufanya. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu imevuja katika viungo kadhaa, ukiwemo ubongo.

Ile nafuu ya asubuhi ndiyo iliyomponza. Sumu ya boomslang haiui kwa haraka kama ya koboko. Huichochea damu igande ovyo ndani ya mishipa mpaka viini vya kugandisha vinakwisha, na hapo mwili huanza kuvuja kila mahali. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku, huku kidonda chenyewe kikionekana si kitu. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ilikuwa ikitengenezwa Afrika Kusini, mbali mno na Chicago. Hata hivyo kuongezewa damu kungeweza kumpa muda, na usiku ule Schmidt hakulazwa hospitali.

Nyoka huyu yupo Kenya, Tanzania, Uganda na sehemu za Kongo, juu ya miti ya mashambani. Ni mpole na mwenye macho makubwa, na aghalabu huuma anaposhikwa. Madaktari leo husisitiza kwamba aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kukaza. Avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikisike, na apelekwe hospitali hata kama haumwi na chochote. Hapo damu kidogo huwekwa katika kichupa safi cha kioo kwa dakika 20. Isipoganda, sumu imeshaanza kazi. Kipimo hicho chepesi kingemtambua Schmidt kabla hajapata chakula cha mchana.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka majeraha ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Walio wengi ni wakulima na watoto wa vijijini, wala si wataalamu. Lakini wataalamu nao hawakukoma: mwaka 1975 Mjerumani Robert Mertens alikufa baada ya kuumwa na nyoka mwembamba wa mitini aliyemfuga nyumbani, ndugu wa karibu wa boomslang. Yeye pia aliandika shajara ya ugonjwa wake.

Maandishi ya Schmidt yalichapishwa mwaka 1958 na mwenzake Clifford Pope katika jarida la wataalamu wa samaki na wanyama watambaao. Maktaba yake, yenye machapisho zaidi ya 15,000, iliachwa Field Museum, nayo ikapewa jina lake.