Maisha ya Bibi Eglantyne Jebb, Mtetezi wa Watoto

Pengine katika kijiji chako yuko mtoto anayepata barua kutoka ng'ambo. Barua hiyo huandikwa na mtu ambaye mtoto hajapata kumwona. Mtu huyo hutoa fedha za kumsaidia mtoto. Tunamwita mfadhili. Mtoto naye humjibu kwa barua.

Je, desturi hii ilianzaje? Katika sura hii utasoma habari za mwanamke mmoja aliyesaidia kuianzisha. Jina lake ni Eglantyne Jebb. Jina lake la kwanza ni gumu kidogo kwa ndimi zetu. Kwa hiyo tutamwita Bibi Jebb.

1. Utoto na kazi

Bibi Jebb alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876, mahali paitwapo Ellesmere, nchini Uingereza. Wazazi wake walikuwa na ardhi na mali. Yeye mwenyewe hakuijua njaa.

Siku zile wasichana waliosoma chuo kikuu walikuwa wachache sana. Bibi Jebb alikuwa mmoja wao. Alisoma historia katika mji wa Oxford. Kisha akawa mwalimu wa shule ya watoto wadogo katika mji wa Marlborough. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa watu wa hali ya chini. Hakufundisha muda mrefu, kwa sababu afya yake ilikuwa dhaifu.

Baadaye alihamia mji wa Cambridge. Huko alichunguza maisha ya watu maskini wa mji huo. Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Mwaka 1913 alisafiri mpaka Makedonia, nchi iliyoko kusini mashariki ya Ulaya. Vita ilikuwa imepita huko. Alipeleka misaada, akawaona wakimbizi kwa macho yake.

Bibi Jebb hakuolewa, wala hakuzaa. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwatetea watoto.

2. Njaa baada ya vita

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Uingereza na wenzake walipigana na Ujerumani, Austria na wenzao. Vita hiyo ilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Wazee wetu wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Vyakula na ng'ombe vilichukuliwa. Njaa kali ikafuata. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya.

Huko Ulaya nako watu walishikwa na njaa. Manowari za Uingereza na wenzake zilizuia meli zisipeleke chakula kwa adui. Mapigano yalikwisha Novemba 1918. Lakini meli za chakula ziliendelea kuzuiwa mpaka mkataba wa amani ulipotiwa sahihi, katikati ya mwaka 1919. Katika miezi hiyo watoto wa Ujerumani na Austria waliendelea kudhoofika. Wengi walikufa.

Waingereza wengi hawakuzijua habari hizi. Bibi Jebb alizijua kwa sababu alisoma magazeti. Mdogo wake, Dorothy Buxton, alipata ruhusa ya kuletewa magazeti ya nchi za adui. Bibi Jebb na watu wengine walimsaidia kuyatafsiri. Katika magazeti hayo walisoma habari za watoto wasiokuwa na maziwa wala mkate.

Fikiri, ndugu msomaji. Mwanao au kaka yako ameuawa vitani. Kisha mtu anakuja kukuomba fedha za kumnunulia maziwa mtoto wa yule aliyemwua. Utamjibu nini? Hilo ndilo jambo ambalo Bibi Jebb aliwaomba wananchi wenzake. Watu wengi walimkasirikia. Wengine walimwona kuwa msaliti.

Yeye alishika neno moja tu. Mtoto hana adui. Mtoto hakuianzisha vita, wala hakushika bunduki.

3. Karatasi iliyompeleka mahakamani

Mwezi Aprili 1919 Bibi Jebb alisimama katika uwanja wa Trafalgar Square, mjini London. Aligawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekonda kwa njaa. Karatasi hizo zilisema kwamba kuzuia chakula ndiko kulikowaletea watoto njaa.

Sheria ya wakati wa vita ilikataza kutoa karatasi za namna hiyo bila kibali cha serikali. Bibi Jebb hakuwa na kibali. Polisi wakamkamata. Mwezi Mei alisimama mahakamani, akajitetea mwenyewe. Hakimu alimwona ana hatia, akamtoza faini ya paundi 5. Adhabu ingeweza kuwa kubwa zaidi.

Inasimuliwa kwamba yule mwanasheria wa serikali aliyemshtaki aliguswa na maneno yake. Kesi ilipokwisha, alimpa paundi 5 za mfukoni mwake. Bibi Jebb aliziweka fedha hizo kwa ajili ya watoto.

Tarehe 19 Mei 1919 Bibi Jebb na mdogo wake waliitisha mkutano mkubwa katika jumba la Royal Albert Hall, mjini London. Inasemekana kwamba baadhi ya watu walikuja na matunda yaliyooza ili wawatupie. Lakini waliposikia hali ya watoto, walitoa fedha. Siku hiyo chama cha Save the Children kilizinduliwa. Maana ya jina hilo ni Okoa Watoto.

4. Mtoto mmoja mwenye jina

Kazi ilipoendelea, Bibi Jebb na wenzake walikutana na shida. Ukimwambia mtu kwamba watoto maelfu wana njaa, atasikitika, lakini ataona kwamba fedha yake kidogo haitafaa kitu. Mtu mmoja atawalishaje maelfu?

Basi mwaka 1920 chama kilianza mpango wa ufadhili. Mtu wa Uingereza aliweza kuchagua kumsaidia mtoto mmoja wa nchi nyingine. Alilijua jina la mtoto huyo, akatoa fedha kwa ajili yake. Mfadhili na mtoto waliweza kuandikiana barua. Sasa mfadhili hakusikia tena habari ya maelfu. Alikuwa na mtoto mmoja mwenye jina na mwandiko wake. Kwa njia hii watu wengi zaidi walitoa fedha. Na watu wa nchi zilizopigana wakaanza kuandikiana.

Mwaka 1921 ukame uliikumba nchi ya Urusi. Njaa ilikuwa kubwa mno. Chama kilikodi meli iitwayo Torcello, ikapeleka tani 600 za chakula na dawa. Bibi Jebb alitumia pia sinema, ili watu wa Uingereza waione njaa hiyo.

5. Kutoka msaada mpaka haki

Lakini Bibi Jebb aliona kwamba msaada peke yake hautoshi. Mtoto mwenye mfadhili alikula. Je, jirani yake asiye na mfadhili? Na mfadhili akichoka, mtoto atakula nini? Haifai maisha ya mtoto kutegemea huruma ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mwaka 1923 aliandika tamko fupi la haki za mtoto. Lilikuwa na mambo 5 tu. Lilitosha katika ukurasa mmoja. Maana yake ni hii:

Kwanza, mtoto apewe mahitaji ya kukua vizuri, mwili na roho.
Pili, mwenye njaa alishwe, mgonjwa atibiwe, aliyechelewa kukua asaidiwe, aliyepotoka arudishwe, na yatima apewe makao.
Tatu, wakati wa shida mtoto awe wa kwanza kusaidiwa.
Nne, mtoto aandaliwe kujipatia riziki, wala asinyonywe.
Tano, mtoto alelewe ajue kwamba vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenzake.

Mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa, lililokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa wa leo, lililikubali tamko hilo mjini Geneva, nchini Uswisi.

Bibi Jebb alifanya kazi mpaka mwili ukachoka. Alikufa Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na umri wa miaka 52. Kazi yake haikufa. Mwaka 1931 ulifanyika mkutano Geneva juu ya hali ya watoto wa Afrika. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mwaka 2009 Bunge letu lilitunga Sheria ya Mtoto.

6. Jambo hili na sisi

Siku hizi yako mashirika mengi ya ufadhili, na baadhi yanafanya kazi katika vijiji vyetu. Mengine hutumia fedha za wafadhili kwa kazi za kijiji kizima, kama visima na madarasa. Hivyo jirani naye hupata.

Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto mwenye mfadhili ameuzwa. Sivyo. Mtoto anabaki kuwa wa wazazi wake. Mfadhili hana haki ya kumchukua.

Barua ya mfadhili ikifika nyumbani kwako, isome mwenyewe, au keti na mtoto muisome pamoja. Ndiyo faida ya kisomo chako. Usikubali fedha au safari ya mtoto ipangwe kwa siri katika barua. Ukiona maneno usiyoyaelewa, waulize viongozi wa shirika na wa kijiji. Mtoto anapojibu, usimfundishe kulia shida. Mwache aeleze masomo yake, mvua, mifugo na michezo. Yeye si ombaomba. Ni mtu anayemwandikia mtu mwenzake.

Bibi Jebb hakuwa na jeshi wala cheo cha serikali. Alikuwa na kalamu na karatasi, na hakuogopa kusema kweli. Wewe nawe sasa unaweza kushika kalamu. Katika kijiji chako, ni mtoto gani ambaye hakuna anayemtetea?

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Waingereza wengi walimkasirikia Bibi Jebb?
2. Kwa nini alikamatwa na polisi?
3. Mpango wa ufadhili ulisaidia nini? Ulikuwa na upungufu gani?
4. Someni tena yale mambo 5 ya tamko. Katika kijiji chetu, ni lipi linatimizwa? Ni lipi bado?
5. Andika barua fupi kwa mtu wa mbali. Mweleze habari za kijiji chako bila kumwomba kitu.