Wolfgang Pauli na matrikile ya elektroni

Leo hatusemi juu ya mishahara. Tunataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja wa Mputu, aliyekufa zamani, aliyefumbua sababu gani shaba yetu iko vile iko.

Wolfgang Pauli alizaliwa Vienna, mu inchi ya Austria, tarehe 25 mwezi wa ine 1900. Baba yake alikuwa munganga na profesa. Alipofika miaka 21, Pauli alikuwa amekwisha kupata udokta kule München, na aliandika kazi kubwa juu ya mafundisho ya Einstein. Einstein mwenyewe aliisifu.

Wakati ule wenye elimu walijua kama kila atomu iko na kiini katikati na elektroni kandokando. Lakini kitu kimoja kiliwasumbua. Jiwe likiachiliwa mu shimo linashuka mpaka chini. Sasa juu ya nini elektroni zote hazishuki mpaka ngazi ya chini kabisa? Mu 1925, akiwa Hamburg, Pauli akatoa jibu: kila elektroni mu atomu iko na namba ine, na elektroni mbili haziwezi kuwa na namba ine zenye kufanana. Sisi wa mgodi tunaelewa mbio, ni kama matrikile. Ngazi ikijaa, ile inayofuata inapanda juu.

Tuangalie shaba. Iko na elektroni 29: mbili, kisha 8, kisha 18, na moja peke yake inje. Mu kipande cha shaba ile moja haifungwi na atomu yake, inatembea, ndiyo inabeba umeme. Bila sheria ya Pauli zote 29 zingeshuka chini, na shaba haingekuwa shaba.

Lakini mfano wa matrikile iko na mwisho. Mfanyakazi iko na jina na sura. Elektroni hazina, zote ni sawasawa. Mu 1926 Heisenberg na Dirac walionyesha kama wimbi linaloeleza elektroni zote pamoja linapaswa kugeuza alama, toka jumlisha kuwa toa, kila mara mbili zinapobadilishana. Kama mbili ziko na hali moja, kubadilishana hakugeuzi kitu. Na hesabu iliyo sawa na kinyume chake ni sufuri tu. Ndiyo maana ile hali haipo.

Mu 1928 Hartree wa Uingereza alitafuta njia fupi ya kupiga hesabu ya atomu kubwa: kila elektroni inaona wenzake kama wingu. Alijaza nafasi kwa kufuata Pauli, lakini wimbi lake halikugeuza alama. Mu 1930 Fock wa Urusi na Slater wa Marekani wakaonyesha namna ya kusahihisha. Njia fupi ni nzuri, lakini sheria haiachwi inje ya mulango.

Pauli hakuwa fundi wa mikono. Watu walisema akifika tu, mashini zinavunjika, mpaka Otto Stern wa Hamburg akamukataza kuingia mu laboratwari yake. Maisha pia yalimupiga. Mama yake alijiua mu 1927, ndoa ya kwanza ikavunjika mbele ya mwaka kuisha, akaanza kunywa sana. Hakuficha, alimwendea Jung, munganga wa roho kule Zürich, kuomba musaada.

Kisha Hitler akakamata Austria. Wazazi wa baba yake Pauli walikuwa Wayahudi. Uswisi, kwenye alifundisha tangu 1928, ikamukatalia uraia. Mu 1940 akakimbilia Princeton, Marekani. Wenzake wengi waliingia mu kazi ya bomu, na uraniumu nyingi ya ile bomu ilitoka kwetu Shinkolobwe. Pauli hakuingia, alibaki na masomo yake. Mu 1945 akapata tuzo la Nobel, mu 1946 akarudia Zürich, na mu 1949 tu Uswisi ikamupa uraia. Alikufa kule tarehe 15 mwezi wa 12, 1958.

Ndugu, ukishika waya ya shaba, kumbuka kama mule ndani kila elektroni iko na nafasi yake. Mwenye kutuonyesha ile alingojea miaka mingi kupewa nafasi yake mwenyewe.