Kipofu aliyelainisha kona unazochora leo

Ukichora kona kali kwenye programu ya kusanifu barabara, utakutana na mkunjo wa kuunganisha mstari ulionyooka na duara. Bila mkunjo huo dere angelazimika kukata usukani ghafla, nanyi abiria mrushwe upande. Mwenye hesabu hiyo ni Leonhard Euler.

Alizaliwa mwaka wa 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa na alitaka mwanawe afuate njia hiyo hiyo. Ilibidi Johann Bernoulli, aliyemfunza hesabu, amshawishi mzee amwachilie kijana. Akiwa na miaka 20, Euler akahamia St Petersburg, Urusi.

Mwaka wa 1744 alieleza mkunjo unaozidi kukaza kadiri unavyosonga mbele. Hakuwaza barabara hata kidogo, alikuwa anachunguza springi. Lakini swali moja lilimshinda: mkunjo huo unaishia wapi hasa?

Jicho la kulia lilikuwa limeshafifia tangu ujanani. Uzeeni, la kushoto nalo likaenda. Wewe ungefanyaje? Yeye alizidi kukokotoa kichwani, wanawe na wasaidizi wakimwandikia. Mwaka wa 1781, haoni, akalipata jibu lililomponyoka miaka 37 nyuma. Akafariki 1783.

Karne iliyofuata reli zikaanza kupindwa kwa mikunjo ya aina hiyo, kisha barabara. Kwa hivyo hesabu ikikulemea leo, usiifute. Iweke, utairudia.